Huna Mche, Weka Panga Chini

Jumamosi ile tulitoka watu zaidi ya 40. Mapanga yamenolewa, spika iko begani kwa kijana mmoja, akina mama wametangulia na ndoo ya uji. Tulishuka hadi chini ya barabara, pale mgongo wa Mtae, huku kwetu Usambara, unapokatika na mteremko kuanza kuporomoka kuelekea nyika za Umba, tukalivamia pori la lantana. Tulifyeka kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana. Tukapiga picha, tukapeana mikono, tukapanda kurudi nyumbani tukiwa tumeridhika.

Wiki sita baadaye, vuli ikiwa imeshakolea, nilishuka tena peke yangu. Nilichuchumaa mbele ya kisiki kimoja, unene wake kama kifundo cha mkono wangu, nikaanza kuhesabu machipukizi. Yalikuwa 17. Tulikata shina moja, kisiki kikajibu kwa 17, mekundu kidogo kwenye ncha, yenye afya, yenye vijimiba vyake tayari. Kukizunguka kisiki, udongo ulikuwa mtupu. Mvua ilikuwa imeanza kuuchora vifereji, na ndani ya vifereji hivyo nikaona miche ya lantana imejipanga kama maharage yaliyopandwa kwa mkono.

Wenzangu wa Jumamosi ile wanisamehe, lakini sitanyamaza. Hatukupambana na gugu siku ile. Tulilipogoa, kama mkulima wa kahawa anavyoupogoa mbuni wake ili uzae zaidi, kisha tukalitayarishia kitalu.

Na hii si habari ya Mtae peke yake. Ndiyo namna tunavyofanya kuanzia Lukozi hadi Mlalo, kuanzia Usambara hadi Upare. Tunaliona gugu, tunalikasirikia, tunalipiga. Hatuulizi limepataje mlango. Gugu vamizi halivunji nyumba iliyofungwa. Linaingia pale ambapo ardhi imevuliwa nguo: penye moto wa kila kiangazi, penye kwato zilizozidi, penye kifusi cha barabara, penye shamba lililochoka na kuachwa. Sisi ndio tunaofungua mlango, kisha tunasimama na mapanga kumlaumu aliyeingia.

Wazee wetu wa Kisambaa walikuwa na maneno mawili kwa jambo hili, na ninasikitika kwamba vijana wengi wanayasikia siku hizi kama hadithi tu za Mbegha na watemi wengine wa kale. Kuna kuzifya shi, yaani kuiponya nchi. Na kuna kubana shi, kuiharibu. Nchi iliyopona ilijulikana kwa mvua, kwa chakula, kwa mifugo iliyoshiba. Mtawala alipimwa kwa hilo. Sikumbuki mzee yeyote aliyeniambia kwamba nchi inaponywa kwa kukata kitu. Kidonda kinaponywa kwa kufunikwa.

Nianze na lantana yenyewe, kwa sababu inatudanganya kwa uzuri. Asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini. Ilisambazwa duniani kama ua la bustani na uzio, na nani asingeipenda, maua yake manjano na waridi kwenye kichala kimoja? Ndege wanakula vitunda vyake vyeusi na kuzitua mbegu kila wanapokaa. Ng'ombe hawaipendi. Basi kila kiangazi ng'ombe wanakula majani yote yanayoizunguka na kuiacha yenyewe, na kila mwaka inasogea hatua chache. Harufu ya jani lake lililosuguliwa mkononi ni kali, na mfugaji wa zamani akiinusa tu anajua pale hapafai kufungia mnyama.

Sisi hatukujua. Mtamba wetu wa kwanza alifungwa ukingoni mwa barabara mwaka wa kiangazi kirefu, majani yamekwisha, akala lantana kwa njaa. Siku ya pili aligoma kula. Siku ya tatu macho yake yaligeuka manjano na akawa anakwepa jua, anajibanza kwenye ukuta wa zizi. Ngozi ya pua ilikauka, ikapasuka, ikaanza kubanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Bwana mifugo alisema ini limeharibika. Sumu ya jani inaliziba ini, na jua linaiunguza ngozi isiyo na rangi. Alikufa siku ya tisa. Mama yangu alikuwa amemnunua kwa fedha za misimu miwili ya viazi. Ndiyo maana sina lugha laini kwa jambo hili.

Lakini rudi nyuma ya mtamba yule uulize: kwa nini ukingo ule ulikuwa hauna majani? Kwa sababu barabara ilipopanuliwa, mkandarasi alisukuma udongo wote na mawe yote chini ya ukingo. Ilikuwa rahisi, mtambo ulisukuma tu. Udongo ule wa chini, mwekundu, usio na mbegu ya nyasi hata moja, uliyafunika malisho ambayo akina mama walikuwa wakikata kila asubuhi kwa ajili ya ng'ombe wa ndani. Hakuna aliyepanda kitu. Miaka miwili ilitosha. Kwanza ilikuja kishonanguo, ikaja bangimwitu, kisha lantana ikapafanya kwake. Sasa mama anayekata majani anatembea nusu saa zaidi kwenda na nusu saa zaidi kurudi, mzigo kichwani, mgongo wa mlima wote, kwa sababu ya kazi ya mtambo wa siku nne. Gharama ya barabara ile haijawahi kuandikwa kwa ukamilifu. Sehemu yake inabebwa vichwani mwa wanawake.

Na bado hatujaona kibaya zaidi. Simama Mtae asubuhi isiyo na ukungu, uangalie chini, kama mita 1,000 chini yako. Vijiji vya Mnazi na Lunguza viko pale, na mbele yake Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi inanyooka hadi mpaka wa Kenya. Siku nyingine unaona milima ya Pare, na mara mojamoja Kilimanjaro. Katika upeo huo huo wa macho, upande wa Moshi, kuna kata inaitwa Kahe, na Kahe kuna mti ambao wenyeji wanauita mrashia.

Mrashia ndio mathenge wa Wakenya, na jina lake la kitaalamu ni Prosopis juliflora. Baringo waliupokea mapema miaka ya 1980 kama msaada: kuni, kivuli, kuzuia jangwa. Ulikua upesi, watu wakafurahi. Kisha ukafunga njia, ukafunga malisho, ukafunga kingo za ziwa. Maganda yake ni matamu, mbuzi wanayapenda, na sukari yake inayaoza meno yao hadi mbuzi anashindwa kutafuna. Wailchamus, wenyeji wa Baringo, walifika mahakamani Nairobi kuishtaki serikali yao, na walimpeleka mbuzi asiye na meno kama ushahidi. Watu walicheka walipoiona picha ile magazetini. Mimi sioni cha kuchekesha. Mtu aliyeleta mbuzi kibogoyo mbele ya jaji alikuwa amekwisha kuongea kwa kila njia nyingine na hakusikilizwa. Kule Afar, Ethiopia, mti huo huo umemeza malisho kwa kiasi ambacho hakuna panga la binadamu litakalokirudisha.

Sasa fikiria njia yake ya kuja kwetu. Mbegu ya mrashia ikipita tumboni mwa ng'ombe haifi. Inatoka imelainika na imewekewa mbolea. Ng'ombe wananunuliwa minadani na kuswagwa au kupakiwa kwenye malori, kutoka Same kwenda mji wa Mkomazi, kutoka huko kwenda Mnazi. Huko tambarare malisho yamebanwa. Hifadhi ya Mkomazi ilikuwa pori la akiba tangu 1951, wafugaji wakaondolewa mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu 2008 ni hifadhi ya taifa. Mifugo iliyobaki nje ya mpaka inasongamana kwenye ardhi iliyosalia, na ardhi hiyo kufika Septemba ni vumbi tupu. Mbegu yoyote ngeni ikidondoka pale haina wa kuizuia, kwa sababu nyasi ambazo zingeizuia zimeliwa hadi mzizi.

Kisha inapanda mlima. Mnajua inapandaje? Kwa lori la samadi. Sisi wa juu tunalima kabichi, viazi na karoti za kupeleka Dar es Salaam na Tanga, na udongo umechoka, kwa hiyo tunanunua samadi kutoka maboma ya bondeni. Mwaka jana nilivunja bonge moja la samadi kavu kwa vidole, mbele ya jirani yangu. Ndani yake tulikuta mbegu za aina nne, ngumu, zinang'aa. Mbili tulizitambua. Mbili hatukuzijua, wala mimi wala yeye, na kati yetu tuna zaidi ya miaka 90 ya kulima mlima huu. Samadi ile ilikuwa inakwenda moja kwa moja kwenye tuta la karoti.

Samadi irundikwe kwanza, ifunikwe, igeuzwe, ichemke yenyewe hadi mkono usivumilie joto lake, ndipo iingie shambani. Mbegu nyingi zinakufa kwenye moto huo. Ni kazi ya wiki chache na haihitaji fedha. Hatufanyi kwa sababu lori linafika leo na tunataka kupanda kesho.

Kuna gugu karoti pia, lile ambalo Arusha wanalijua kwa mateso. Jani lake kama la karoti, ua jeupe dogo, mmea mmoja unatoa mbegu kwa maelfu, linawasha ngozi na kubana kifua, na ng'ombe akilila maziwa yake yanakuwa machungu. Linapenda nini? Kando ya barabara na malisho yaliyochakaa. Ile ile habari.

Nitajibiwa: piga dawa. Duka la pembejeo lina chupa, pampu ya mgongoni ipo, siku mbili gugu limenyauka. Nimeona miteremko iliyopigwa dawa huku kwetu. Inakuwa ya kahawia kama imeunguzwa, mvua ya kwanza inakuja, na udongo unateremka na kila kitu kilichomo hadi kwenye chemchemi ambayo watoto wanachota maji. Gugu limekufa, ardhi imebaki uchi, na mlango umefunguka kwa upana zaidi. Sikatai dawa iliyopakwa kwa brashi juu ya kisiki kilichokatwa, na mtu aliyefundishwa, kwa mti sugu kama mrashia. Kupuliza mlima mzima ni kubana shi, na sitatafuta neno la upole.

Wengine watasema tuletewe wadudu wa kulila gugu. Wadudu wanafanya kazi, nchi yetu ina ushahidi. Gugu maji lilipofunika ghuba za Ziwa Victoria miaka ya 1990, fukusi walioletwa kulila walisaidia sana kulipunguza. Lakini taka na mbolea ziliendelea kumiminika ziwani, na gugu likawa linarudi kila lilipopata nafasi. Hata mdudu bora hawezi kuziba shimo ambalo wewe unaendelea kulichimba.

Najua pia kwamba Wasambaa wana haki ya kuogopa mtu anapokuja na mpango wa kuokoa ardhi. Mwaka 1946 Waingereza walianzisha mpango wao Mlalo, na mwaka 1950 wakaupanua Usambara nzima. Waliona mmomonyoko, na mmomonyoko ulikuwepo kweli. Dawa yao ikawa amri: chimbeni matuta, msichunge hapa, msilime pale, na asiyetii atozwe faini. Matuta yale yaliongeza kazi mgongoni mwa mwanamke na hayakumwongezea debe la mahindi. Watu walikataa, na kufikia 1958 mpango ulikuwa umekufa. Watawala waliandika kwamba wenyeji ni wakaidi. Ukweli ni kwamba walimwamuru mtu afanye kazi ambayo haikumlisha.

Linganisha na kilichotokea miaka ya 1980, ulipokuja mradi wa hifadhi ya udongo na kilimo mseto, ule wa SECAP ulioanza 1981 kwa ushirikiano na Wajerumani. Mradi ule ulileta majani. Ulihimiza mistari ya majani ya Gwatemala kukatisha mteremko, pamoja na miti. Majani yanashika udongo, na majani hayo hayo ng'ombe anakula, na ng'ombe anatoa maziwa na samadi. Mradi uliisha zamani, magari yaliondoka, lakini katika mashamba mengi mistari ile bado ipo, kwa sababu mama mwenye ng'ombe haruhusu mtu aing'oe. Hapo ndipo ilipo siri yote ya magugu vamizi kwenye milima hii. Ardhi itafunikwa na kile ambacho mtu ana sababu ya kukitunza.

Nasikia pingamizi: hata Gwatemala ni mgeni. Ni kweli, ni mgeni, kama mahindi na viazi. Ugeni si kosa. Amani, ng'ambo ya bonde la Lwengera, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902 na kupanda mimea ya dunia nzima. Mingi ilikaa pale ilipopandwa hadi leo. Michache ilitoka ikaingia msituni na haijarudi, kama mmea ule wa kichaka uitwao Clidemia na mti wa Maesopsis. Mmea wa kuogopa ni ule unaotembea wenyewe na kuua ulichokuwa nacho. Gwatemala tunaipanda kwa vipande vya shina na inakaa kwenye mstari wake. Na upande wa pili, si kila kichaka kinachoota mpakani ni adui. Tughutu ni wetu, uko kwenye mipaka ya mashamba tangu babu zetu, majani yake yakifukiwa yanarutubisha udongo, na watafiti walioshirikiana na wakulima wa Kwalei, huku huku Usambara, walithibitisha hivyo. Jumamosi ile niliona kijana akifyeka tughutu pamoja na lantana. Panga halichagui. Mwenye panga ndiye anayepaswa kufundishwa kuchagua, na hakufundishwa.

Basi tufanyeje? Tuanze pale palipo pazima. Tunapenda kushambulia pori nene kwa sababu linaonekana na picha yake inapendeza. Pori nene halikimbii, litasubiri. Miche mitatu iliyotokeza wiki hii kwenye malisho mazuri haitasubiri; ng'oe hiyo leo kwa mkono, udongo ukiwa na unyevu. Ukimaliza kulinda palipo pazima, sogea kwenye pori kwa kipande unachoweza kukifunika msimu huo huo, hata kama ni hatua 10 kwa 10. Chimba kisiki kwa sururu hadi fundo la mzizi litoke, uligeuze liangalie jua, au ulitundike juu ya matawi yaliyokatwa lisiguse udongo. Siku hiyo hiyo, kabla hujanawa mikono, panda. Mistari ya Gwatemala au matete kukatisha mteremko, kati yake nyasi za asili. Kisha rudi baada ya kila mvua kwa miaka miwili au mitatu, kwa sababu mbegu za lantana zimelala pale chini zinakungoja.

Kwa mbuga za chini fundo ni mifugo. Kipande kilichosafishwa kipumzishwe hadi nyasi zitoe mbegu zake, na wafugaji wenyewe wakae na viongozi wa vijiji wapange zamu za malisho. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inawapa vijiji nguvu hiyo, na sheria ya maeneo ya malisho ipo tangu 2010. Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020 imetuundia mamlaka nzima, TPHPA, yenye makao Ngaramtoni, Arusha. Upo mkakati wa taifa wa viumbe vamizi ulioanzia 2019. Karatasi tunazo. Ninachokitaka kwenye karatasi ni kifungu kimoja katika kila mkataba wa barabara ya mlimani: mkandarasi asilipwe fungu lake la mwisho mpaka kifusi chake kiwe kimeota majani, na majani hayo yawe yamekaguliwa na kamati ya kijiji, ambayo nusu yake ni akina mama wanaokata majani. Wao wanajua nyasi iliyoshika na nyasi iliyochomekwa jana kwa ajili ya mkaguzi.

Nina kipande nilichokianza misimu mitatu iliyopita, hatua 20 kwa 15, kwenye kifusi kile kile kilichomuua mtamba. Msimu wa kwanza niling'oa miche ya lantana 212, nimeiandika kwenye daftari. Wa pili, 64. Msimu huu hadi leo ni tisa. Mistari ya Gwatemala imefika kifuani, na wiki iliyopita nilimkuta jirani yangu mmoja pale na mundu, mtoto mgongoni, anafunga mzigo wake wa pili. Aliniomba radhi kwa kukata bila kuuliza. Nikamwambia, "Mama, endelea, ndicho nilichokupandia."

Masika yakianza tutashuka kwenye kile kipande cha Jumamosi ile, penye visiki vya machipukizi 17. Nimekwisha kuweka kando mafungu 60 ya vipande vya Gwatemala, yako kivulini nyuma ya nyumba, nayanyeshea jioni. Atakayekuja aje na sururu.